Nafsi ya Kwanza, Umoja

Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama ya Lom,
mji wa bandari, Danubi ukipita nyuma yetu
bila kuuliza kesi imefikia wapi.
Sheria sikuisomea. Vidole vyangu ndivyo vilivyosoma.
Miaka kumi na mmoja, kila neno la Metodi Vitanov
lilipita hapa, kwenye ncha hizi, kabla halijawa karatasi.

Wakili kijana, koti limepauka viwikoni,
mkoba wa marehemu baba yake umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Akisimama, alianza na mimi.
Napinga. Sikubali. Naomba liandikwe hilo.
Herufi inayoanza neno mimi kwa lugha yetu
ilifutika kwenye mashine yangu.
Fundi alisema ni uchakavu.
Nikanyamaza, maana nilimjua mchakavuzi.

Kesi ya Pena Tsolova, hiyo siisahau.
Kreni ilimwangukia mumewe, Alhamisi, theluji ya majimaji.
Bandari ikasema marehemu alikuwa amelewa.
Metodi akaiweka chupa yake mezani pa jaji:
"Nuseni."
Jaji akanusa. Maziwa ya mgando.
Hata mlinzi wa mlangoni alivua kofia.
Kesi ikaahirishwa hadi Januari,
na Januari ilipofika nchi ilikuwa imeshapinduka,
watu wamejaa uwanjani na mishumaa,
na Metodi yuko juu ya makreti ya bia
akisema sisi.

Sisi tumechoka. Sisi tunataka.
Lilikuwa neno zuri. Nililia, sikatai.
Tukampigia kura, akaenda Sofia,
na jalada la Pena likabaki kwenye rafu yangu,
chini ya chungu cha ua.

Bungeni, kwenye runinga, sisi ikapata tumbo.
Tutaona. Tutaunda kamati.
Kisha wakampa ubalozi, Helsinki kwanza, halafu Lisboni,
na huko sisi nayo ikafa.
Imebainika. Inasikitisha. Hatua zitachukuliwa.
Zitachukuliwa na nani? niliuliza gazeti,
nikaliwashia jiko la pilipili.
Zamani aliuma na kupuliza.
Sasa, nikasema, anapuliza tu.

Lakini nisimwonee.
Mabaharia kumi na wawili wa kwetu walizuiwa Lisboni
kwa deni la mwenye meli aliyetoroka.
Metodi alilala nao siku tatu kwenye sitaha,
akaandika barua yenye imeonekana saba,
barua isiyomtuhumu mtu, isiyomwaibisha mtu,
na lango likafunguka.
Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu.
Barua ile ninayo nakala. Nimeipiga chapa upya, usiku,
kutafuta alikojificha ndani yake.

Septemba hii amerudi. Amestaafu, nywele nyeupe, koti zima.
Mtaa wote unanuka pilipili za kuchoma.
Pena, mwaka wake wa themanini na moja, alimsimamisha
kwenye ngazi za mahakama, mfuko wa vitunguu mkononi.
Hakumlaumu. Alimuuliza neno moja:
"Ulijaribu?"

Metodi akashusha kichwa, mara mbili, polepole.

Sasa, kwetu kichwa kikishuka ni hapana;
ndiyo tunaitikisia kando, bega kwa bega.
Kule alikokaa miaka kumi na tisa
ni kinyume chake.
Pena aliusoma kwa macho ya Lom.
"Asante kwa kusema kweli," akasema,
akampa kitunguu kimoja, akashuka ngazi.

Nami nilisimama pale na aproni yangu,
niliyeandika kila alichowahi kutamka,
nisijue kichwa kile kilikuwa cha nchi gani.
Akanigeukia. Midomo ikafunguka.
Ndani ya mfuko wa aproni
vidole vyangu vikajipanga, vyenyewe,
juu ya ile herufi iliyofutika.